Kufuga mbuzi na punda juu Newala: hesabu ya maji kwanza

Kila mwaka kuna watu wanaorudi vijijini kwenye uwanda wa Makonde, wastaafu hasa, kiinua mgongo mkononi na mpango wa mbuzi kichwani. Wananunua mbuzi, wanajenga banda, halafu Agosti ikifika wanaanza kuulizia maji. Mwongozo huu unaanza na swali hilo la Agosti, kwa kuwa huku juu maji ndiyo yanayoamua mtu afuge mbuzi wangapi.

Asiyeijua nchi yetu aelewe hivi. Newala na Tandahimba, wilaya za mkoa wa Mtwara, ziko juu ya uwanda wa kichanga. Mvua tunapata, Desemba hadi Aprili, lakini mchanga unaimeza yote, na juu hakuna mto wala kijito. Maji yanatokea chini, kwenye mabonde. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala mjini unaliona bonde la Ruvuma lote hadi upande wa Msumbiji, na huko bondeni ndiko bibi zetu walikokuwa wakishuka na mitungi. Mradi wa maji wa Makonde unayasukuma maji kutoka visima vya Mitema kuyapandisha juu. Mwenye bomba uani anajua kwamba yanakuja kwa zamu, na zamu nyingine zinampita.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya maji kwenye karatasi

Mbuzi mkubwa wakati wa kiangazi anakunywa lita 3 hadi 5 kwa siku. Anayenyonyesha huzidi hapo. Wakati wa mvua, majani yakiwa mabichi na umande, anakunywa kidogo sana, kwa hiyo usipime mahitaji yako Februari. Punda anakunywa kama lita 20.

Mbuzi kumi kwa wastani wa lita 4 ni lita 40 kwa siku. Ongeza punda mmoja, zinakuwa 60. Kiangazi chetu, toka mvua zinapokatika mpaka zinaporudi, ni kama miezi saba, tuseme siku 210. Hapo unahitaji lita 12,600 za mifugo peke yake, na familia ya watu watano inatumia lita 100 kwa siku hata ikijibana.

Sasa tazama paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja. Nyumba ya mita 5 kwa 6, ikipata milimita 900 kwa msimu, inakusanya lita 27,000. Toa sehemu ya tano kwa maji yanayoruka pembeni ya gata na yale ya mvua ya kwanza unayoyamwaga kwa sababu ya vumbi na kinyesi cha ndege. Zinabaki kama 21,600. Ila hizo ni lita za paa. Utakazozikuta Septemba ni zile zilizoingia kwenye tangi, na wengi wana simtanki moja ya lita 2,000 au 5,000. Kama una fedha ya kununua mbuzi kumi, nunua watano na tangi.

Kinachobaki kitatoka bondeni, na hapo ndipo punda anapoingia kwenye hesabu. Punda wetu wa kienyeji anabeba madumu mawili ya lita 20, basi. Akinywa kwake hukohuko chini kisimani kabla ya kupakiwa, zile lita 40 zinafika juu nzima, nazo ndizo za mbuzi kumi kwa siku. Punda mmoja, safari moja, mbuzi kumi. Ukitaka mbuzi ishirini, amua mapema kama ni punda wawili, tangi kubwa zaidi, au fedha ya kununua maji kwenye boza.

Hatua ya 2: Amua kuhusu farasi, kisha endelea

Kila ninapozungumzia punda kuna kijana anauliza kwa nini nisishauri farasi, maana ameona video za watu wa milimani wanaochunga juu ya farasi. Farasi anafugika, na kaskazini huko Arusha na Usa River wapo. Kusini ni jambo lingine. Farasi anakunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, yaani safari nzima ya punda ni ya kumnywesha yeye tu. Akiumwa na mbung'o mwenye vimelea vya ugonjwa wa ndorobo, mara nyingi hufa. Usubi wa usiku wakati wa mvua humwambukiza ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoua kwa siku chache, na chanjo yake huwezi kuikuta kwenye duka la pembejeo. Punda huuhimili ugonjwa huo vizuri sana, na ndorobo pia huihimili kuliko farasi, ingawa si kwa ukamilifu.

Jambo hili lina historia hapa. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi yaliingiza farasi na nyumbu wa kubebea mizigo katika nchi hii, wakafa kwa maelfu kwa ndorobo, na mizigo ikaishia vichwani mwa wapagazi. Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye mapigano ya Mahiwa, hapa jirani Lindi, Oktoba 1917.

Kama tayari umeletewa farasi, na hutokea, basi mambo manne: mlaze bandani kabla ya magharibi na mfukizie moshi, usimshushe vichaka vya bondeni, usimbadilishie chakula ghafla bali mzoeshe kwa siku 7 hadi 10, na uwe na daktari wa mifugo anayekubali kupigiwa simu usiku. Farasi hawezi kutapika. Akijaa gesi tumboni, akawa anagaagaa na kujitazama ubavuni, hapo una saa chache tu za kumpatia msaada.

Punda utampata kwa wafugaji waliohamia upande wa Lindi, wakiwemo waliotolewa Usangu na Ihefu, huko Mbeya, mwaka 2006 na 2007. Chukua mwenye miaka minne kwenda juu. Mguse mgongo wote kwa kiganja. Penye kovu lisilo na nywele palishawahi kuwa na kidonda cha mzigo na patafunguka tena. Mtembeze kwenye ardhi ngumu umsikilize hatua zake. Na ukiweza chukua wawili, maana punda wa peke yake hupiga kelele usiku kucha na huchoka roho.

Hatua ya 3: Jenga banda kabla mnyama hajafika

Banda la mbuzi la huku ni la kuinua. Sakafu iwe usawa wa kiuno ili uweze kuingiza reki chini na kukokota samadi bila kutambaa. Tumia fito au mianzi iliyopasuliwa, uache nafasi ya sentimita moja na nusu: kinyesi kinapita, kwato haizami. Kwa mbuzi mkubwa mmoja weka mita moja na nusu ya mraba. Ukuta mzima uwe upande wa kusi, kwa sababu Juni na Julai upepo wa juu huku ni wa baridi kweli na watoto wa mbuzi hukohoa. Pande nyingine acha wazi kwa fito.

Nguzo zina maadui wawili. Mchwa: paka oili chafu sehemu yote inayoingia ardhini na futi moja juu yake. Siafu: hawa ndio wasiosemwa vya kutosha. Mvua zikianza wanatembea usiku kwa msafara, na mtoto wa mbuzi wa siku mbili aliyelala hawezi kujinasua. Asubuhi unamkuta wamejaa puani na machoni. Zungushia kila nguzo jivu kavu, upana wa kiganja, na ulirudishe kila mvua inapoliosha. Ukiwakuta wameshapanda, fungua mlango mbuzi watoke. Usianze kupigana na siafu gizani.

Punda alale chini, chumba chake, sakafu kavu. Usimchanganye na watoto wa mbuzi. Wapo punda wapole, lakini wengine huwang'ata shingoni na kuwatupa.

Hatua ya 4: Nunua karibu, na tenga

Sotoka ya mbuzi na kondoo ilipoingia Newala na Tandahimba, kwenye miaka ya 2009 na 2010 hivi, watafiti walifuatilia ilikotoka wakafika kwenye mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Watu walifuata mbuzi wa bei nzuri, wakarudi na ugonjwa ambao huku haukuwa umezoeleka. Kwa hiyo ushauri wangu ni mkavu: nunua mbuzi wa wilaya yako, kwa mtu unayeweza kwenda kumtazama banda. Huyu wa kwetu ni mdogo, lakini ameshazoea kupe wetu na ukame wetu. Dume la mbegu ukilifuata mbali, chukua kibali cha kusafirishia na uulizie chanjo kabla hujalipa.

Akifika, mtenge wiki tatu, mbali kiasi kwamba pua hazigusani na ndoo hazichangiwi. Mtu anayewahudumia wageni awahudumie mwisho, baada ya wenyeji. Sotoka huanza na homa kali, kisha kamasi na matongo mazito, vidonda mdomoni vyenye harufu mbaya, kuhara na kukohoa; wenye mimba huharibu. Ukiona hivyo usimpelekee mtu yeyote mbuzi "wa kuchinja haraka". Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata.

Chanjo ipo na ni nzuri. Sindano moja humkinga mbuzi kwa miaka mitatu. Tatizo lake ni ubaridi. Inasafirishwa kwenye barafu, na chupa ikishachanganywa lazima iishe ndani ya saa chache, wakati chupa hiyo inatosha mbuzi 50 au 100. Mwenye mbuzi sita peke yake hataletewa mtaalamu. Zungukeni kitongojini, mpatane siku moja, mbuzi wote wafungwe uwanja mmoja kuanzia alfajiri. Kwa vipimo vya maabara, tawi la Wakala wa Maabara ya Veterinari lipo Mtwara mjini.

Hatua ya 5: Malisho kwa msimu wa mkorosho

Huku mbuzi anaishi ndani ya nchi ya korosho, kwa hiyo kalenda yake ni ya mkorosho.

Januari hadi Mei majani yapo kila mahali, na kazi yako ni kumzuia asiingie kwenye mihogo na kunde za watu. Mfunge kamba ya mita tano kwenye kigingi, umhamishe mara mbili kwa siku, na usimfunge penye mti mdogo atakaouzunguka mpaka ajinyonge. Asubuhi ngojea umande ukauke. Mabuu ya minyoo hupanda juu ya nyasi pamoja na umande.

Juni hadi Agosti ni wakati wa salfa, dawa ya unga inayopuliziwa mikorosho. Mashine zikinguruma, ule unga wa njano unatua kwenye nyasi zote chini ya mikorosho na upepo unaupeleka hadi shamba la tatu. Mbuzi akila salfa nyingi, inageuka gesi tumboni inayoharibu ubongo: utamwona haoni njia, anasukuma kichwa ukutani, anazunguka. Akiwahiwa kwa sindano za vitamini B1 anaweza kupona, akichelewa basi. Kwa hiyo waulize majirani siku zao za kupuliza, na siku hizo mbuzi wakae bandani wakiletewa majani. Kama shamba lote la jirani limepigwa, usirudi kulisha hapo mpaka majani yamechipua mengine.

Majani ya kuleta bandani yatoke wapi kiangazi? Hapa ndipo ufugaji wa uwandani unapofaulu au kufa, na jibu langu ni mbaazi. Mbaazi inabaki kijani wakati kila kitu kimekauka, na ukivuna kuanzia Agosti unapata majani, maganda na vijiti. Usiviunguze shambani. Kausha majani kivulini, jaza viroba, ning'iniza juu ya dari ya banda. Fanya hivyohivyo kwa majani ya karanga mwezi wa Mei. Miti ya malisho, lukina na gliricidia, panda mpakani Desemba. Mwaka wa pili unaanza kukata. Penye mashine ya kukamua ufuta, mashudu yake ni chakula kizito. Konzi moja kwa mbuzi anayenyonyesha inatosha. Yanuse kwanza. Yenye harufu ya kuvu mwaga, wala usimpe kuku.

Muhogo una masharti. Ile michungu, majani na maganda mabichi, ina sumu inayoua mbuzi ndani ya saa moja: anahema kwa nguvu, anatoa povu, anayumba, anaanguka. Maganda yakate membamba, yaanike kwenye jua kali siku mbili, ndipo umpe. Mbuzi mwenye njaa akifungua kamba na kulivamia shamba la mihogo michungu, mtoe mara moja. Usimwache "amalizie maana ameshaharibu".

Oktoba hadi Desemba ni mavuno ya korosho, na mbuzi huru wakati huo ni ugomvi. Anakula bibo, korosho anazitawanya au anazitafuna, na ganda bichi lina mafuta yanayomchoma mdomo. Mabibo machache hayamdhuru. Ndoo nzima, hasa yaliyoanza kuchacha, yanamvimbisha tumbo. Vijiji vingi vina sheria ndogo za faini. Kamba ikikatika na mbuzi wako akaingia kwa mtu, nenda jioni hiyohiyo mwenyewe: "Shikamoo mzee, mbuzi wangu kaingia shambani kwako leo, nimekuja tuangalie hasara." Mzee aliyefuatwa nyumbani anapokea debe la korosho au anasamehe. Aliyesikia kwa mtendaji anataka faini kamili, na mwakani atataka tena.

Punda chakula chake ni rahisi: nyasi kavu, mabua ya mahindi na mtama, chumvi ya mawe. Pumba mpe kiganja tu. Anayeshindiliwa pumba huumwa tumbo na kwato.

Hatua ya 6: Punda kazini

Mzigo haukai kwenye uti wa mgongo. Weka tandiko nene la magunia mawili yaliyojazwa nyasi laini, moja kila upande wa uti, katikati pawe na mfereji ambao kidole kinapita. Juu yake ndiyo shogi, ule mfuko wa pande mbili wa kubebea mzigo, na madumu yakae sawa pande zote mbili. Ukiwa na dumu moja tu, jaza nusu huku na nusu huku. Kamba ya tumboni iwe pana kama ukanda wa gunia, wala si katani nyembamba inayokata.

Teremkeni asubuhi mapema, madumu matupu. Kisimani mnyweshe kwanza, ashibe, apumzike kidogo, ndipo upakie. Kupanda ule mteremko usimpige. Punda anayesimama njiani anapumua, au mzigo umelala upande mmoja. Juu, shusha kabla hujamsalimu mtu. Kisha vua tandiko na upitishe kiganja mgongoni: sehemu yenye joto au nywele zilizolala vibaya leo, kesho ni kidonda. Ukiipata, kesho hakuna safari. Ndiyo maana unahitaji akiba ya maji ya siku tatu kwenye tangi hata ukiwa na punda mzima wa afya.

Mchanga wetu hausagi kwato, kwa hiyo zinarefuka mpaka zinapinda kama viatu vya ncha. Kila miezi miwili zisugue kwa tupa. Chokonoa udongo kila siku, na jeraha lolote la kwato lioshe vizuri, kwani pepopunda humpata farasi na punda kuliko mnyama mwingine yeyote. Uliza chanjo yake.

Bondeni mbung'o wapo, juu palipolimwa ni wachache. Punda anayekonda huku anakula, homa zinakuja na kuondoka, ufizi mweupe, tumbo la chini limevimba: shuku ndorobo. Dawa ya ndorobo ya ng'ombe usimchome kwa kukisia. Ile ya kawaida inaweza kumdhuru punda na farasi, na dozi yake ni kazi ya daktari.

Hatua ya 7: Ukaguzi wa asubuhi

Simama mlangoni kabla hujafungua. Mbuzi asiyekuja mlangoni ndiye wa kutazama. Mvute kope ya chini: ndani pakiwa pekundu yuko sawa, pakiwa peupe ana minyoo inayonyonya damu, na mara nyingi utaona na uvimbe laini chini ya taya. Dawa ya minyoo wape wote Novemba kabla ya mvua na Mei zinapoisha. Katikati mpe mwenye kope nyeupe tu, ili minyoo isizoee dawa. Albendazole usimpe mwenye mimba ya mwezi wa kwanza. Nunua kipimajoto. Mbuzi mzima ana nyuzi 38.5 hadi 39.5, akivuka 40 akiwa kivulini, piga simu.

Hatua ya 8: Kupandisha na kuuza

Mimba ya mbuzi ni miezi mitano. Wengi huacha dume na majike mwaka mzima, watoto wanazaliwa Februari kwenye tope na minyoo. Mimi napendelea wazaliwe Mei: mama amekula majani mabichi mimba yote, ardhi imekauka, siafu wametulia. Basi dume liwe na majike Desemba, miezi mingine libaki chumba chake. Dume moja linatosha majike 25. Libadilishane na la kijiji kingine kila baada ya miaka miwili lisije likapanda binti zake.

Soko letu kubwa ni Idd ya kuchinja, na la pili kwa ukubwa ni msimu wa jando na unyago. Idd inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo hesabu nyuma kutoka tarehe yake. Wengi wetu huku ni Mashafi, Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na mnunuzi wa mbuzi wa udhuhia, yaani wa kuchinja Idd, anataka mbuzi aliyetimiza miaka miwili. Atamfungua mdomo kutafuta meno manne makubwa ya mbele. Atatazama pia jicho, mguu na sikio. Mbuzi aliyekatwa kipande cha sikio kama alama hataki, hata awe mnene vipi, kwa hiyo weka alama kwa hereni au rangi kwenye pembe. Watenge wa kuuza miezi mitatu kabla, wape mbaazi na konzi ya mashudu, na usiku wa wiki ile ya mwisho mtu alale karibu na banda, maana wezi nao wanaijua tarehe.